Kipini Kwenye Pua ya Protini: Ihoji Kingamwili Kabla ya Kuiamini

Mstari ulikuwa mweusi tititi, umenyooka, umekaa pale pale ulipotakiwa kukaa. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na huo ulikuwa mwezi wa tano nikitafuta jibu la swali moja: je, kichocheo ninachozipa seli zangu kinazifanya zibandike fosfeti kwenye protini ninayoichunguza? Niliipeleka picha ile kwenye kikao cha maabara huku kichwani nimeshaanza kuandika sura ya nne ya tasnifu. Fundi mkuu wa maabara yetu, mama mtu mzima ambaye hakuna aliyegusa pipeti asubuhi kabla ya kumwamkia shikamoo, aliiinua picha, akaitazama kwa muda, akaniuliza: "Mwanangu, ukiivua fosfeti, mstari unapotea?"

Sikuwa nimejaribu. Nikajaribu wiki ile ile. Mstari haukupotea, haukufifia hata kidogo. Kingamwili niliyoinunua kwa pesa nyingi ilikuwa ikiikamata protini yangu iwe na fosfeti, isiwe nayo; na mimi kwa miezi mitano nilikuwa nikipima wingi wa protini nikidhani napima alama iliyobandikwa juu yake.

Nawaandikia haya ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mlio na bajeti ya chupa moja au mbili na msimamizi anayetaka matokeo. Ushauri wangu wote unaweza kukaa ndani ya swali la yule mama. Lakini njia ya kulifikia swali lile ina vituo kadhaa, na kila kituo kina pa kuteleza.

Uso na kipini

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Tatu kati ya asidi hizo, yaani serini, threonini na tairosini, zina mahali ambapo seli inaweza kupachika kundi dogo la fosfeti. Kimeng'enya kinachopachika huitwa kinasi; kinachobandua huitwa fosfatasi. Kwa kupachika na kubandua huko seli huamua kugawanyika au kutulia, kuweka akiba ya sukari au kuitumia. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua jambo hilo miaka ya 1950 katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walipokuwa wakichunguza namna misuli inavyovunja glaikojeni. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 1992.

Taabu yetu ni udogo wa alama yenyewe. Fosfeti moja huongeza uzito wa daltoni kama 80, ilhali protini kama ERK2 ina daltoni kama 42,000. Ukiipitisha kwenye jeli ya kawaida, ni sawa na kumpandisha mtu kwenye mizani kabla na baada ya kuvaa kipini cha pua. Mizani haina habari. Inabidi utafute shahidi anayekijua kipini kwa macho, na shahidi huyo ni kingamwili.

Mashahidi hawa wako wa aina mbili. Wa kwanza anatambua kipini chochote kwenye pua yoyote. Hizo ni kingamwili za jumla, kama 4G10 na PY20, ambazo huona tairosini yenye fosfeti bila kujali imekaa kwenye protini gani. Wa pili anamtambua mtu mmoja peke yake, tuseme Mwanaasha, tena Mwanaasha akiwa amevaa kipini. Hizo ni kingamwili za mahali maalumu, kama ile inayoona protini ya Akt iliyobandikwa fosfeti kwenye serini ya 473.

Shahidi wa jumla anafaa sana kwa tairosini, kwa sababu tairosini ina pete kubwa inayojitokeza, na fosfeti ikikaa kwenye ncha yake kingamwili hupata cha kushika. Serini ni ndogo. Fosfeti yake imebanana na uti wa mnyororo, kwa hiyo kingamwili hulazimika kushika pia asidi amino za jirani. Ndiyo maana kingamwili za jumla za fosfoserini nyingi ni dhaifu, au huona baadhi ya protini na kuziruka nyingine bila kukwambia. Ukiwa unatafuta serini au threonini, nunua ya mahali maalumu, au ile inayotambua mpangilio wa asidi unaopendwa na kinasi fulani. Usitumie pesa kwa chupa inayodai kuona serini zote.

Shahidi wa pili naye ana makosa yake. Anaweza kumtambua Mwanaasha hata akiwa amekivua kipini. Hilo ndilo lililonipata. Anaweza kumchanganya na dada yake waliyefanana sura, ambaye siku hiyo naye amevaa kipini. Akt1, Akt2 na Akt3 ni ndugu wa namna hiyo. Au anaweza kushindwa kumwona kabisa kwa sababu amejifunika ushungi. Mfano mzuri ni histoni H3: serini ya 10 imepakana na laisini ya 9, na laisini hiyo ikibandikwa alama yake nyingine, baadhi ya kingamwili hupofuka ingawa fosfeti ipo. Utando mweupe, yaani usio na mstari, basi, nao unaweza kusema uongo.

Shahidi huzaliwa vipi

Ukijua namna kingamwili hizi zinavyotengenezwa, utajua pa kuzitilia shaka. Watengenezaji huunda peptidi fupi, kwa kawaida asidi amino kumi hadi kumi na tano, yenye fosfeti mahali panapohusika. Peptidi huunganishwa na protini kubwa ya kubebea, kisha sungura huchanjwa. Damu ya sungura hutoa mchanganyiko: kingamwili zinazotambua uso wenye kipini, zinazotambua uso mtupu, na zinazotambua ile protini ya kubebea. Mchanganyiko huchujwa mara mbili. Kwanza hupitishwa kwenye peptidi yenye fosfeti ili zile zinazoitambua zinaswe. Kisha hupitishwa kwenye peptidi isiyo na fosfeti ili zinazoridhika na uso mtupu zibaki nyuma. Mchujo wa pili ukifanywa kwa uvivu, unauziwa shahidi kama niliyeuziwa mimi.

Hizo ndizo za polikloni. Kila sungura ana damu yake, na kila toleo jipya linaweza kutofautiana na la mwaka jana hata kama namba ya katalogi ni ile ile. Za monokloni, ambazo mbinu yake waliivumbua Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975, hutoka kwenye ukoo mmoja wa seli, kwa hiyo hutulia zaidi. Zilizotulia kuliko zote ni zile zinazozalishwa kwa jeni lililosomwa na kuhifadhiwa, kwani seli zikifa jeni bado lipo. Bei zikikaribiana, chagua hizo.

Bafa iliyozeeka

Kuna kisa ambacho kila anayefanya kazi hii angepaswa kusimuliwa siku ya kwanza. Mwaka 1979, Tony Hunter wa Taasisi ya Salk, California, alikuwa akichunguza protini za virusi vinavyosababisha uvimbe. Alitenganisha asidi amino zenye fosfeti kwa umeme, akitumia bafa ya zamani kwa sababu hakuwa na hamu ya kutengeneza mpya. Bafa ilitakiwa kuwa na pH ya 1.9, lakini kwa kutumiwa mara nyingi ilikuwa imeshuka hadi 1.7. Katika pH ya 1.9 fosfotairosini na fosfothreonini hutembea pamoja na kuonekana doa moja. Katika 1.7 zikaachana. Hunter akaona doa ambalo halikuwa na jina, na hivyo ndivyo dunia ilivyojua kwamba tairosini nayo hubandikwa fosfeti.

Wengi hukisimulia kisa hiki kana kwamba ni sifa ya uvivu. Mimi nakisoma vingine. Wengine tungeona doa geni tukasema jaribio limeharibika, tukatupa. Yeye alilihoji mpaka likajieleza. Na hesabu iliyofuata inatuhusu moja kwa moja: katika seli za kawaida, Hunter na Bartholomew Sefton walionyesha mwaka 1980 kwamba fosfotairosini ni kama asilimia 0.03 tu ya asidi amino zote zenye fosfeti. Yaani katika elfu kumi, tatu. Kitu adimu namna hiyo hakikupi nafasi ya kuzembea.

Dakika ya kwanza

Majaribio mengi ya fosfeti hufa kabla kingamwili haijatoka kwenye friza. Hufa katika dakika ile unapozipasua seli. Ndani ya seli hai, kinasi na fosfatasi zimewekewa mipaka. Ukiipasua, mipaka inavunjika, fosfatasi zinakutana na kila kitu, na vipini vinavuliwa mbele ya macho yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni wa sekunde.

Kwa hiyo panga kila kitu kabla hujaigusa sahani ya seli. Bafa ya kuoshea iwe imeshapoa kwenye barafu. Sentrifuji iwe imeshafika nyuzi 4. Mirija iwe imeandikwa. Osha haraka, mara moja au mbili, na pasulia seli hapo hapo kwenye sahani. Usizitoe kwa tripsini kwanza: kuzing'oa kwenyewe ni mshtuko, na seli iliyoshtuka hubadilisha fosfeti zake, hasa kwenye njia za dhiki kama JNK na p38. Utakachopima kitakuwa ukali wa mkono wako.

Kwenye bafa ya kupasulia weka vizuizi vya fosfatasi, na uweke zaidi ya kimoja kwa sababu kila kimoja kina adui yake. Sodiamu othovanadeti, milimola 1, huzuia fosfatasi za tairosini. Sodiamu floridi, kwa kawaida milimola 10 hadi 50, pamoja na beta-gliserofosfeti, huzuia nyingi za serini na threonini. Ongeza vizuizi vya proteasi, maana haina faida kuokoa kipini wakati pua imeliwa.

Vanadeti ina tabia zake. Ukiiyeyusha tu na kuitumia, kazi yake ni nusu. Itengeneze kwa milimola 200, ipeleke pH 10. Ikiwa ya manjano, ichemshe mpaka iwe safi kama maji, ipoe, rekebisha pH tena, na urudie hadi ibaki haina rangi. Rangi ya manjano ni ishara kwamba molekuli zimeshikana makundi na hazifanyi kazi unayoitaka. Gawanya kwenye mirija midogo, igandishe. Na kumbuka kwamba EDTA nyingi huikamata vanadeti, na DTT huidhoofisha. Bafa yenye vitu hivyo vyote kwa pamoja hukupa usalama wa kwenye karatasi.

Kama unachohitaji ni westani bloti peke yake, ipo njia fupi ambayo naipenda kuliko zote: mimina bafa ya sampuli yenye SDS, ikiwa ya moto, moja kwa moja juu ya seli. Kimeng'enya kilichokunjuliwa kwa joto na SDS hakibandui kitu. Sampuli itakuwa nzito na yenye kunatanata kwa sababu ya DNA; ipitishe kwenye sindano nyembamba mara kadhaa, itatulia.

Kwa tishu za mgonjwa au mnyama saa inakwenda mbio zaidi. Kipande kikikaa juu ya meza kikisubiri mtu wa kukichukua, baadhi ya fosfeti hupotea na nyingine huongezeka kwa kukosa hewa. Andika muda kutoka kukatwa hadi kugandishwa au kuzamishwa kwenye fomalini, kwa kila sampuli. Usipouandika, tofauti utakayoiona kati ya mgonjwa na mgonjwa huenda ikawa tofauti ya foleni ya chumba cha upasuaji.

Maziwa na albumini

Sehemu nyingi za westani bloti ni zile zile unazozijua. Nitagusa zinazobadilika.

Kuziba utando kwa maziwa ya unga ni rahisi na ni nafuu, lakini maziwa yamejaa kasini, na kasini ni protini iliyobandikwa fosfeti. Shahidi anayetafuta vipini umemjengea ukuta wa vipini. Kwa kingamwili za jumla, maziwa yaache kabisa. Tumia albumini ya damu ya ng'ombe, asilimia 5. Kwa za mahali maalumu, anza na albumini, na ukiona uchafu mwingi ndipo ujaribu maziwa kwenye kipande kidogo cha utando. Kwa kuoshea na kuyeyushia kingamwili tumia bafa ya Tris yenye chumvi na Tween 20 asilimia 0.1, badala ya ile ya fosfeti, kwa sababu ile ile.

Kingamwili ya kwanza iache usiku kucha kwenye nyuzi 4, ikitikiswa taratibu. Kama umeihifadhi na sodiamu azidi ili uitumie tena, sawa; lakini azidi isiiguse kingamwili ya pili iliyounganishwa na peroksidasi, kwani huizima. Na kabla ya yote hayo, paka rangi ya Ponceau utando wako, upige picha. Dakika tano hizo zitakuokoa siku utakapoulizwa kama mistari ilipakiwa sawasawa.

Maswali manne ya kumhoji shahidi

Sasa tumefika kwenye swali la yule mama. Kila kingamwili mpya ya fosfeti inayoingia mikononi mwako, ihoji kwa maswali haya kabla ya kuitumia kwenye kazi halisi. Hata chupa mpya ya kingamwili ya zamani ihoji, angalau kwa swali la kwanza.

La kwanza: ukiivua fosfeti, mstari unapotea? Chukua sampuli yenye fosfeti nyingi, igawe mara mbili. Nusu moja iwekee fosfatasi ya lambda pamoja na manganizi, nyuzi 30 kwa dakika 30. Nusu nyingine ifanyie hivyo hivyo bila kimeng'enya. Sampuli hii iandae bila vizuizi vya fosfatasi na bila EDTA, maana vitakizuia kimeng'enya chako mwenyewe. Zipitishe bega kwa bega. Kwa kingamwili ya fosfeti mstari upotee. Kwa kingamwili ya protini nzima mstari ubaki. Bila hilo la pili hujui kama umevua kipini au umempoteza mwenye kipini.

La pili: ukiwasha, unawaka, ukizima, unazima? Ziache seli bila seramu usiku mmoja, kisha zipe kichocheo kinachojulikana. Seli za A431 zina vipokezi vingi mno vya EGF, na ukizipa EGF, fosfeti za tairosini hujitokeza ndani ya dakika chache. Kwa ERK, kilele huwa kwenye dakika 5 hadi 10. Anayekuja kupima baada ya saa kadhaa mara nyingi hukuta sherehe imekwisha, akaandika kwamba hakukuwa na harusi. Kisha rudia ukiwa umeweka kizuizi cha kinasi inayohusika. Mstari unaowaka na kuzima kwa wakati wake unaanza kuaminika.

La tatu: ukiondoa pua, kipini kinaning'inia wapi? Kama maabara yenu inaweza kubadili jeni, geuza ile serini iwe alanini, au ile tairosini iwe fenilalanini. Alanini haina pa kupachika fosfeti. Mstari ukibaki, umeshikwa na kitu kingine. Tahadhari moja: wapo wanaogeuza serini iwe asidi aspatiki ili kuiga fosfeti, kisha wanashangaa kingamwili haiioni. Kwa seli inaweza kufanana na fosfeti. Kwa shahidi wetu huyo ni mtu mwingine.

La nne: peptidi inaiteka? Changanya kingamwili na peptidi yenye fosfeti kabla ya kuiweka kwenye utando, na sehemu nyingine uichanganye na peptidi isiyo na fosfeti. Ya kwanza ifute mstari, ya pili isiufute. Swali hili ni la kusaidia tu. Linakuambia kingamwili inapenda peptidi iliyotengenezewa; halikuambii kwamba kilichoko kwenye utando ni protini yako.

Huna uwezo wa kuyauliza yote manne? Uliza la kwanza na la pili. Gharama yake ni kimeng'enya kidogo, siku mbili, na unyenyekevu.

Kununua na kutunza

Chupa moja hufika mamia ya dola, nasi wa huku tunaongeza nauli, forodha na kusubiri. Kwa hiyo soma maelezo ya bidhaa kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Imetengenezwa kwa peptidi ipi? Imejaribiwa kwa mnyama gani, na je, asidi amino zinazozunguka mahali hapo kwenye mnyama wako ni zile zile? Picha waliyoweka ina sampuli iliyovuliwa fosfeti, au ni mstari mmoja mzuri peke yake? Imejaribiwa kwa westani bloti tu, nawe unataka kuitumia kwenye tishu? Kingamwili inayoona protini iliyokunjuliwa na SDS inaweza isiione ikiwa imejikunja. Uliza kama wanauza ujazo mdogo wa majaribio, na uliza maabara jirani kabla ya kuagiza. Huenda chupa unayoitafuta iko kwenye friza ya ghorofa ya chini.

Niliwahi kusubiri kifurushi kilichokwama uwanja wa ndege sikukuu nzima. Kilipofika, barafu ya kwenye kasha ilikuwa maji ya uvuguvugu. Mwenzangu alitaka kuitupa. Tukaijaribu kwanza, ikafanya kazi vizuri. Kingamwili ni protini imara kuliko tunavyoidhania. Siku chache za joto la kawaida mara nyingi haziiui. Kinachoiua ni kugandishwa na kuyeyushwa, kugandishwa na kuyeyushwa. Iliyo na gliseroli asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi hasi 20, iache humo uwe unachota kidogo kidogo. Isiyo na gliseroli igawe siku ile ile iliyofika kwenye mirija midogo, ujazo wa matumizi ya mara moja au mbili. Usiziweke kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu hupasha moto na kupoa kila siku bila wewe kujua. Umeme ukiwa wa mgao, weka mirija ndani ya kasha la povu lenye vipande vya barafu ya jeli, kasha likae ndani ya friza. Litakununulia saa kadhaa.

Namba ya katalogi, namba ya ukoo na namba ya toleo viandikwe kwenye daftari siku ya kufungua chupa. Utavihitaji mhariri wa jarida atakapouliza, na utavihitaji zaidi toleo jipya litakapokugeuka.

Kuisoma picha

Umepata mstari, umeuhoji, umejieleza. Bado kuna namna ya kuusoma vibaya.

Mstari wa fosfeti ukiongezeka maradufu, huenda fosfeti imeongezeka, na huenda protini yenyewe imeongezeka. Lazima upime protini nzima kwenye sampuli zile zile. Wengi huuvua utando kingamwili ya kwanza na kuuwekea ya pili. Inawezekana, ila kila kuvua hubeba protini kidogo, na mabaki ya kingamwili ya kwanza hukudanganya. Kama una mashine ya rangi mbili, tumia kingamwili ya sungura kwa fosfeti na ya panya kwa protini nzima, kwa pamoja. Kama huna, endesha jeli mbili sambamba kutoka sampuli moja.

Mstari uliokoza kupita kiasi haupimiki. Piga picha za muda mfupi na mrefu, na upime zile ambazo mashine haijashiba. Rudia jaribio kwa seli za siku tofauti, angalau mara tatu. Kupakia sampuli moja mara tatu kwenye jeli ni kumuuliza shahidi mmoja mara tatu. Na picha nzima, isiyokatwa, ihifadhiwe.

Jambo la mwisho hapa ndilo linalosahaulika zaidi. Uwiano wa fosfeti kwa protini nzima haukuambii ni asilimia ngapi ya protini imebandikwa. Ni kingamwili mbili tofauti, kila moja na nguvu yake. Unaweza kusema "imeongezeka mara tatu kuliko jana". Huwezi kusema "robo tatu imebandikwa". Ukitaka kujua hilo, tumia jeli ya Phos-tag, iliyobuniwa na watafiti wa Hiroshima, ambayo huzichelewesha protini zenye fosfeti mpaka zikaachana na zisizo nayo. Ndipo kingamwili ya kawaida ya protini nzima itakuonyesha mistari miwili, nawe ulinganishe. Ukitaka kujua fosfeti zote bila kujua pa kuanzia, hiyo ni kazi ya spektrometa ya masi. Na ukiwa unatafuta histidini, ambayo nayo hubandikwa fosfeti, sahau sehemu kubwa ya niliyoyasema: fosfeti yake haivumilii asidi wala kuchemshwa, na kingamwili zake nzuri zilipatikana mwaka 2015 tu, katika maabara ya Hunter yule yule.

Utando mweupe

Mtu anaweza kuuliza kama uangalifu wote huu una maana nje ya milango ya maabara. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer, na sehemu yake moja hupima protini ya tau iliyobandikwa fosfeti kwenye threonini ya 217. Nyuma ya kipimo hicho kuna kingamwili inayopaswa kuiona alama ile. Mtu mzima ameketi mbele ya daktari na wanawe, na sehemu ya watakachoambiwa inategemea kama kuna aliyewahi kuuliza swali la yule mama.

Mimi nilinunua kingamwili nyingine. Safari hii sikuanza na seli nilizozichochea wala na dawa yoyote. Nilianza na mirija miwili na fosfatasi ya lambda. Niliuweka utando kwenye mashine ya picha, nikasubiri. Upande wa kushoto mstari ulitokea. Upande wa kulia, palipovuliwa, utando ulibaki mweupe kabisa. Nikachukua ile ya protini nzima, nikapima sampuli zile zile: mistari miwili, kushoto na kulia, sawa kwa sawa.

Nilimpelekea yule mama picha zote mbili mkononi. Alizitazama, akaniwekea kidole juu ya ule weupe. "Hii ndiyo ya kuweka kwenye tasnifu," akasema. Niliiweka. Iko ukurasa wa kwanza wa matokeo, kabla ya mstari wowote mweusi.